Kibadeni na yale matatu ya 1977: kwa nini hakuna aliyerudia kwenye dabi?

Lunyasi Damu
Wakuu, kwema? Jana kijiweni tumebishana mpaka mmoja akasusa akaondoka, nimeona nilete hapa kwenye vichwa vingi.

Julai 19, 1977 Abdallah "King" Kibadeni wa Simba yetu aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake katika ile sita bila. Tangu siku hiyo hakuna mtu, wa kwetu wala wa kwao, aliyepiga matatu kwenye mechi ya ligi ya watani. Kapita Zamoyoni Mogella, kapita Mgosi, kapita Okwi, kapita Kagere, kapita Chama. Kwa nini?

Msiniletee "bahati tu". Mimi nasema Kibadeni alikuwa bora kuliko wote waliomfuata. Anayebisha aje na hoja, matusi aache nje.

Kona ya Msimbazi
Nimekaa siti ya mbele.

Beki Tatu
Mkuu, ubora peke yake haujibu swali. Siku ile ile Jumanne Hassan "Masimenti" alitupia mawili, na moja Selemani Sanga alijifunga mwenyewe. Ilikuwa siku ya timu nzima kuwaka, si ya mtu mmoja.

Tazama dakika za Kibadeni: ya 10, ya 42, ya 89. Hiyo ya 89 ndiyo inayonikereketa. Timu inaongoza tano bila, watu wameanza kutoka uwanjani, mwenzako bado yuko ndani ya boksi anatafuta la tatu. Mshambuliaji wa leo akifunga mawili kwenye dabi, dakika ya 70 kocha kashamtoa, anapigiwa makofi, anakaa benchi na barafu gotini kwa sababu Jumatano kuna mechi ya CAF. Siku hizi kocha ana mabadiliko matano, unadhani atamwachia nani dakika tisini?

Lunyasi Damu
Beki Tatu hapo umegusa. Mjomba wangu alikuwepo siku hiyo, na la tatu analisimulia kama limefungwa jana. Anasema alitoka kanisani moja kwa moja mpaka Uwanja wa Taifa, bado kavaa shati lake la Jumapili, akabanwa kwenye uzio vifungo viwili vikakatika. La tatu likaingia goli la upande wake kabisa. Kibadeni alimgeuza beki, beki akakaa chini, kipa naye akakaa chini, mpira ukapita katikati yao polepole.

Mzee wa Kipaza
Vijana, hamjambo. Mwanzisha uzi, msalimie mjomba wako, halafu mwambie Julai 19, 1977 ilikuwa Jumanne.

Kona ya Msimbazi
😂😂😂 Kanisani Jumanne!

Dada Mkeka
Mjomba alikuwa kwenye maombi ya katikati ya wiki jamani, mwacheni.

Mzee wa Kipaza
Simcheki. Wengi tuko hivyo. Mimi sikuwepo uwanjani, na sioni haya kusema. Nilikuwa mbali na Dar, tunasikiliza RTD. Redio yetu betri zilikuwa zimechoka, tangu asubuhi tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Tukaunga waya kwenye eriali, tukaupitisha dirishani mpaka kwenye mti. Kipindi cha pili sauti ikaanza kufifia, kila mtu kasogeza sikio, tukawa vichwa saba kwenye redio moja. Tukisikia kelele za uwanja tunaruka, tukitulia hatujui nani kafunga.

Mkumbuke pia Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Mtu yeyote anayewaambia la tatu lilikuwaje, ama alikuwepo ama anasimulia alichosimuliwa. Mimi nimeshalisikia la kichwa, la shuti la mbali, la kubetua, na sasa hili la mjomba la kukalisha watu wawili.

Lunyasi Damu
Shikamoo Mzee. Nimekubali Jumanne. Ila shati sitalitoa kwenye hadithi.

Mtani wa Jangwani
Hodi hodi. Nimesikia harufu ya wazee wanakula kumbukumbu, nikasema nipite.

Mnajibana na hoja za ufundi wakati jibu liko wazi. Yanga ya 1977 haikuwa Yanga. Ulizeni kuhusu mgogoro uliozaa klabu ya Pan African katikati ya miaka ya 70. Klabu ilipasuka, wachezaji wakubwa wengi wakaondoka, tukabaki tunajenga upya na vijana. Mlikuta nyumba imebomoka mkaingia kuiba masufuria, leo mnaadhimisha. Kibadeni simvunjii heshima, ila asingepiga matatu mbele ya Yanga ya 1974 iliyowafunga pale Nyamagana.

Kona ya Msimbazi
Mtani karibu, vua viatu mlangoni.

Beki Tatu
Mtani, hiyo ya Nyamagana mbili kwa moja tunaikumbuka. Adam Sabu alitangulia kufunga, Sembuli akasawazisha, Sunday Manara "Computer" akamaliza. Lakini hoja yako inakurudia. Kama timu kubomoka ndiyo sababu, mbona nyinyi mlipotupiga tano bila Juni 1, 1968, sisi tukiitwa Sunderland, hakuna aliyepata matatu? Maulid Dilunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Mabao matano, hata mmoja hakufikisha.

Mtani wa Jangwani
Sisi tunagawana. Ni timu ya wananchi.

Dada Mkeka
Hilo jibu nimelipenda, tabu ni kwamba ni la kwao.

Mtoto wa 93
Nimepita chati za dabi mchana kutwa, kazi nimeiacha. Wakuu, tatizo si matatu. Tatizo ni MBILI. Watu wanafika kwenye mbili wanakwama kama gari kwenye tope. Dilunga na Zimbwe 1968. Masimenti 1977. Aprili 18, 2010 tuliposhinda 4-3, Mussa Hassan Mgosi alifunga mawili, na upande wa pili Jerry Tegete naye mawili. Mechi moja, watu wawili, wote wamekwama pale pale! Okwi mawili 2012. Hamis Kiiza mawili 2013. Maxi Nzengeli mawili 2023, ile tano kwa moja ambayo sitaki kuiongelea.

Mtani wa Jangwani
Tuiongelee kidogo.

Mtoto wa 93
Hapana.

Saa Tisa Alasiri
Mtoto wa 93 umenikumbusha mbali na ile 4-3. Nilikuwa na Mgosi rohoni msimu ule wote. Tulichukua ubingwa bila kupoteza mechi, na Mgosi ndiye mfungaji bora wa ligi. Siku ile alipotupia la pili nilimshika jirani yangu shingo nikamwambia huyu leo anaandika historia. Mara Tegete anasawazisha dakika ya 89 tatu tatu, historia yote nikaisahau, nikawa naomba sare. Halafu Hilary Echesa anamaliza kwenye dakika za nyongeza. Wakati huo Mgosi angetaka la tatu la nini? Anayefunga la nne ndiye anayebebwa.

Kwa hiyo mimi nadhani ni hivi: dabi zenye magoli mengi huwa za kufukuzana, na kwenye kufukuzana hakuna anayehesabu magoli yake. 1977 haikuwa ya kufukuzana. Mtu alikuwa na nafasi ya kuhesabu.

Beki Tatu
Na 2012 je? Mei 6, tano bila, hapakuwa na kufukuzana. Okwi ana mawili. Siku hiyo tulipata penalti TATU. Alizipiga Patrick Mafisango, Juma Kaseja na Felix Sunzu. Penalti tatu, wapigaji watatu, na hata moja haikwenda kwa Okwi. Hetitriki, yaani matatu ya mtu mmoja, ilikuwa mezani imeshapakuliwa, ikagawiwa.

Dada Mkeka
Na moja akapewa KIPA.

Kona ya Msimbazi
Ile ya Kaseja ilikuwa ujumbe. Jamaa alishawahi kwenda kwao akarudi kwetu. Kumpa penalti dhidi yao ilikuwa kumwambia "haya, onyesha uko wapi".

Mtani wa Jangwani
Akaonyesha, halafu mwaka uliofuata akarudi kwetu tena. 😂

Kona ya Msimbazi
Tuendelee na mada.

Lunyasi Damu
Lakini subirini, hii hoja ya kugawana penalti ni nzito. Miaka ya 70 nani angethubutu kumnyang'anya King mpira? Leo mpigaji kapangwa kabla ya mechi, au wanakubaliana pale pale ili kila mmoja apate jina lake kwenye historia. Tano bila ni sherehe, na kwenye sherehe watu wanagawana keki.

Saa Tisa Alasiri
Mimi kwa ile ya 2012 sina kinyongo na mpigaji yeyote, na kwa Mafisango ndiyo kabisa. Alifunga penalti yake Mei 6. Mei 17 tukaamka na habari ya ajali ya gari. Siku kumi na moja tu. Bado watu walikuwa wanatembea na jezi za tano bila mtaani. Nakumbuka kijiwe kizima kilikaa kimya, mtu mmoja ana simu yenye ile penalti, anairudia, anairudia, hakuna anayemwambia zima.

Alikuwa na mguu wa kushoto laini na roho ya kutotulia. Angekuwa amepiga pembeni siku ile tusingekumbuka tano bila, tungekumbuka nne bila, na yeye asingeacha alama yake pale. Kwa hiyo Okwi na atusamehe.

Dada Mkeka
Umeniliza mchana huu. Apumzike.

Mzee wa Kipaza
Amina.

Mkiruhusu, nirudi kwa Kiiza aliyetajwa na Mtoto wa 93, maana kuna jambo limepita hamjaliona. Oktoba 20, 2013. Mpaka mapumziko Yanga wanaongoza tatu bila, Ngassa moja, Kiiza mawili. Dakika 45 nzima mbele yake, timu yetu imechanganyikiwa. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa karibu na ile rekodi ni yeye. Sasa niambieni, kocha aliyekaa benchi letu siku hiyo alikuwa nani?

Beki Tatu
Dah.

Mtoto wa 93
KIBADENI! 😳

Mzee wa Kipaza
Kibadeni mwenyewe. Anatazama rekodi yake ya miaka 36 inaelekea kuvunjwa mbele ya macho yake, na inavunjwa juu ya timu yake. Kipindi cha pili tukarudisha yote: Mwombeki, Owino, Kaze. Tatu tatu. Kiiza hakupata la tatu. Alichowaambia wachezaji kule ndani mapumziko sikijui, ila kila nikikumbuka natamani ningekuwa nimejibanza nyuma ya mlango.

Mtani wa Jangwani
Aliwaambia "kila mtu acheze anavyojua, ila huyo Kiiza asinifikie".

Kona ya Msimbazi
Basi jibu limepatikana: kamati ya ufundi ya King, wale wa mambo ya uganga. Rekodi imefungiwa chupani, chupa iko kwake.

Beki Tatu
Ndiyo maana sipendi nyuzi hizi zifike usiku. Mkishaingiza kamati ya ufundi hakuna tena hoja inayojibika.

Kona ya Msimbazi
Mbona unaogopa? Dilunga mbili, Zimbwe mbili, Masimenti mbili, Mgosi mbili, Tegete mbili, Okwi mbili, Kiiza mbili, Maxi mbili. Wewe mtu wa hesabu, hiyo ni kawaida?

Beki Tatu
Dilunga na Zimbwe walikuwa 1968, miaka tisa KABLA ya Kibadeni. Chupa ilifungwa kabla King hajaleta cha kufungia?

Kona ya Msimbazi
Haya, ni chupa ya zamani.

Winga wa Vumbi
Naomba nichangie kama mtu aliyecheza, japo ni ndondo tu, msinicheke. Mtaa wetu na mtaa wa pili tulikuwa na dabi yetu, na kwa sisi ilikuwa kubwa kuliko ya Kariakoo. Mwaka mmoja nilifunga mawili kipindi cha kwanza. Mapumziko watu wananibeba, mtoto mmoja ananiletea maji, msichana niliyekuwa namtazama miaka miwili ananiita jina kwa mara ya kwanza. Nilirudi uwanjani mtu mwingine kabisa. Kila mpira nataka mimi. Dakika za mwisho kipa kaanguka, goli liko wazi, mimi niko hatua nne, na kushoto kwangu mwenzangu anapiga kelele peke yake. Nilichokifanya hata leo sikielewi. Niliusimamisha mpira kwanza. Niliusimamisha! Nikautazama, nikaona na ile nyufa ya ngozi pale uliposhonwa. Nilipokuja kupiga beki kashafika, ukamgonga kwenye paja ukatoka.

Tulishinda mbili bila. Mtaani hakuna anayeniita mfungaji wa mawili. Wananiita Simamisha.

Kwa hiyo mimi nadhani la tatu kwenye dabi halizuiwi na beki. Ukishakuwa na mawili unajua kila mtu anajua. Kibadeni labda hakuwa na habari hiyo. Mwaka 1977 hapakuwa na mtu wa kumwambia "miaka yote hakuna aliyefunga matatu", maana hakuna aliyekuwa anahesabu. Wa leo anaambiwa wiki nzima kabla ya mechi.

Dada Mkeka
Simamisha 😂😂😂 pole kaka. Na yule msichana?

Winga wa Vumbi
Aliolewa na yule mwenzangu wa kushoto.

Lunyasi Damu
Uzi ufungwe, hakuna atakayezidi hii.

Mtoto wa 93
Usifungwe. Winga, mimi nakubaliana nawe nusu tu. Kama shinikizo linaua miguu, basi nielezeni Christopher Alex. Cairo 2003. Zamalek ndio mabingwa watetezi wa Afrika. Tulishinda Dar bao la Emmanuel Gabriel, kwao tukafungwa moja, zikaja penalti. Kaseja kaokoa zake, inabaki moja, anakwenda Christopher Alex. Kiungo wa kukaba! Uwanja mzima unamzomea. Angalikuwa na sababu zote za kusimamisha mpira. Akapiga, ukaingia, tatu kwa mbili, bingwa wa Afrika kavuliwa.

Saa Tisa Alasiri
Usiku ule sikulala. Matola, Pawasa, Victor Costa, Ulimboka, Machuppa, kocha James Siang'a... ile timu wangeniambia nitaje hata sasa hivi nikiwa usingizini ningetaja. Christopher Alex naye katangulia, 2015. Tunawaimba wafungaji, lakini hakuna mfungaji wetu aliyepiga mpira mzito kama ule.

Winga wa Vumbi
Mtoto wa 93, penalti mpira umeshasimamishwa tayari. Mimi huko ndiko ningefaa. 😂

Mzee wa Kipaza
Na mtoto wa 93 jina lako linaniuma kila nikilisoma. Ile fainali ya Kombe la CAF na Stella, kule Abidjan bila bila, hapa nyumbani tukafungwa mbili bila, na kocha alikuwa Kibadeni pia. Mkitaka kuona maisha ya mpira yalivyo, mfuateni huyo mtu mmoja tu: nusu fainali ya Afrika 1974 yumo uwanjani, 1977 ana matatu, 1993 yuko benchi anafungwa fainali, 2013 yuko benchi Kiiza anamkaribia.

Mtoto wa 93
Mzee, nilikuwa darasa la tano. Boli Zozo, yule wa Stella aliyetufunga. Jina hilo nilimpa mbwa wetu kwa hasira, baba akanichapa kwa sababu kila akimwita mbwa anakumbuka.

Mtani wa Jangwani
Haya, mimi naaga. Wafungaji wenu wazuri tutaendelea kuwapokea. Chama tumeshampokea 2024, alitulia vizuri tu.

Kona ya Msimbazi
Mtani viatu vyako nimevificha.

Beki Tatu
Kabla watu hawajalala: mpaka sasa nimehesabu mabadiliko ya wachezaji, Yanga iliyopasuka, mechi za kufukuzana, kugawana penalti, woga wa mbili na chupa. Mimi bado niko kwenye mabadiliko. Ila la Kiiza linanitesa, maana lilikuwa dakika 45 nzima na hakuhitaji hata nusu yake. Mzee wa Kipaza, unakumbuka kipindi cha pili alipata nafasi ngapi?

Mzee wa Kipaza
Nilikuwa naangalia upande wa pili, tulikuwa tunarudisha.

Lunyasi Damu
Wakuu, nimempigia mjomba sasa hivi. Nimemwambia ilikuwa Jumanne. Kanyamaza kidogo, halafu kaniuliza, "Nani kakwambia nilikuwepo uwanjani?" Alikuwa Tabora, kasikiliza redioni kama Mzee. Shati lilikatika vifungo wakiwa wanarukia redio.

Ila la tatu kalisimulia vilevile. Beki chini, kipa chini, mpira polepole.

Mzee wa Kipaza
Muulize betri walizianika wapi.